Mzigo umelegea njiani? Usianze kwa kulaumu fundo

Nimekaa utingo miaka sita kabla sijapewa usukani, na swali nililoulizwa kuliko yote kwenye hiyo kazi ni "we hii kamba uliifungaje?" Yaani mnatoka Ilula, kule Iringa, na nyanya, matenga yamepangwa yanapendeza, kamba ukiigonga na kidole inalia, mnafika mbele kidogo tu unachungulia kwenye saiti mira unaona inaning'inia kama ya kuanikia nguo. Sasa wengi wetu hapo tunachofanya ni kushuka, kuivuta tena kwa hasira, fundo lingine juu ya fundo, twende. Kilomita 20 mbele mchezo ule ule. Mimi nilifanya hivyo zaidi ya mwaka mzima mpaka dereva mmoja mzee akaniambia dogo, kabla hujakaza niambie kwanza huo ulegevu umetoka wapi. Nikakosa jibu.

Basi tuanzie hapo alipoanzia yeye. Ukimaliza kufunga chukua chaki, kipande cha mkaa, makapeni, chochote, weka alama kwenye kamba pale pale inapoingia kwenye fundo, upande wa mzigo na upande wa ncha. Halafu weka alama nyingine kwenye ubao wa bodi usawa wa pale mzigo ulipofika juu. Dakika moja tu. Ukisimama njiani na kamba imelegea, angalia: alama ya kamba imesogea kutoka kwenye fundo? Fundo linateleza. Alama ya kamba iko pale pale ila mzigo umeshuka chini ya alama ya bodi? Mzigo umejipanga upya, fundo halina kosa. Zote mbili ziko pale pale na bado kamba imelegea? Hapo kamba yenyewe imevutika. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa ya moja haitibu lingine.

Alama ya fundo haijasogea lakini kamba imelegea

Hii ndo inasumbua watu wengi zaidi. Gunia la mkaa, mahindi, makabichi, majani ya ng'ombe, vitu hivi vina hewa katikati, gari likianza kugonga matuta kila kitu kinatafuta nafasi yake na kinashuka. Mzigo ukishuka inchi mbili tu kamba inayopita juu inapata ulegevu wa inchi mbili upande huu na mbili upande ule, na kamba ikishalegea mzigo unapata uhuru wa kucheza, ukicheza unashuka zaidi. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ndo balaa kabisa kwa sababu kile kichwa cha juu ni duara, kamba inakaa kwenye kilele halafu inateremka pembeni taratibu.

Dawa yake unaifanya kabla ya safari. Funga mara ya kwanza kwa nguvu ya kawaida, sogeza gari mita mia mbili tatu kwenye barabara mbovu ya pale pale shambani, shika breki mara mbili tatu, rudi ukaze upya. Kama ni mkaa au nyasi panda juu ukanyage kwanza. Nyanya usikanyage jamani, najua nasema kitu cha wazi ila nimeshaona mtu kasimama juu ya matenga.

Kama mzigo haujashuka basi ni kamba. Nailoni inavutika sana, ndo maana wanaipenda kwa kuvutia magari yaliyokwama, lakini kwa kufunga mzigo hiyo tabia inakugeuka, na ikilowa inavutika zaidi na nguvu yake inapungua kidogo. Ukiwa na hela kidogo tafuta ya poliesta, inavutika kidogo kuliko nailoni na jua haliiumizi haraka. Zile kamba za plastiki za bluu na za njano ni rahisi na nyepesi, ila jua linazila, utaona zinaanza kutoa unyoya mkavu unaochoma mikono, ukiona hivyo kamba hiyo ishastaafu.

Katani ina mambo yake. Ikilowa inavimba na kujikaza, mvua ikinyesha utaona kamba imekaza kuliko ulivyoifunga ukafurahi, jua likitoka inakauka inaachia. Kwa hiyo ukifunga na katani iliyolowa kwa umande wa asubuhi, ujue saa nne lazima usimame uikague, hilo halina mjadala.

Na kuhusu kusimama: kule Marekani sheria ya malori inamtaka dereva akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, kama kilomita 80 hivi. Kwa barabara zetu mimi naona hiyo ni mbali mno. Nasimama kilomita 10 hadi 15 za kwanza, halafu kabla ya kila mteremko mkubwa. Ukitoka Ilula unashuka Kitonga, kule ni breki na kona kuanzia juu mpaka chini, ukaguzi wako uwe juu kabla hujaanza kushuka maana katikati ya mlima huna pa kusimama pa maana na ukisimama unawaudhi wenzako na unahatarisha watu.

Alama imesogea, fundo linateleza

Kwanza angalia kamba, ni mpya? Kamba mpya ya plastiki inateleza kama kambare. Fundo lililokuwa linashika vizuri kwenye katani, ambayo ina nywele nywele za kushikana, kwenye plastiki haliwezi. Usibadilishe fundo kwanza, ongeza mzunguko. Yaani badala ya kupitisha kamba kwenye ndoano mara moja ukafunga, izungushe mara mbili kamili ndo uanze kufunga. Ile mizunguko ndo inabeba uzito kwa msuguano, fundo linabaki na kazi ya kuzuia ncha tu isikimbie. Na ncha iache ndefu, shubiri moja au zaidi, siyo vile unabakiza kiduchu kama ncha ya kamba ya kiatu.

Pili ni lile fundo la kufungia kanga au mfuko wa rambo, kulia juu ya kushoto halafu tena kulia juu ya kushoto. Likikaa hivyo ncha zinatoka kuvuka badala ya kulala sambamba na kamba, na mtikisiko wa barabara unalifungua taratibu. Hata ukilifunga sawasawa, kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, hilo ni la kufungia kifurushi tu. Usiungie kamba mbili zilizobeba mzigo kwa fundo hilo hata kidogo, hasa moja ikiwa nene na nyingine nyembamba, ukivuta ncha moja linageuka na kuchomoka lote.

Kuunga kamba mbili fanya hivi: ile nene ikunje ncha yake iwe kitanzi, umeshika shingo. Nyembamba ipite ndani ya kitanzi kutokea chini, izunguke nyuma ya shingo, halafu irudi mbele ijibane chini ya yenyewe, isipite tena ndani ya kitanzi. Ukiizungusha shingo mara mbili kabla ya kujibana ndo nzuri zaidi kwa plastiki. Ncha fupi zote mbili ziangukie upande mmoja. Ukiona moja iko kushoto na nyingine kulia, fungua urudie.

Unavuta mpaka jasho lakini haikazi

Hapa nguvu zako hazina kosa, mtu mmoja anayevuta kwa mikono anapata kilo 40 au 50 za mvuto siku nzuri. Unahitaji kitanzi cha kuvutia, kile kinachofanya kamba yenyewe iwe kama pulei. Kila utingo anakijua ila wengi wanakifunga kichwa chini halafu wanasema hakifanyi kazi.

Ncha moja ishafungwa upande wa dereva, kamba imepita juu ya mzigo, wewe uko upande wa pili. Kwenye usawa wa kifua, kwenye kamba inayoteremka, tengeneza duara dogo. Sasa shika kamba iliyo chini ya duara, ile inayoelekea kwenye ncha iliyo huru, ikunje na uipitishe ndani ya duara iwe kitanzi. Jaribu: vuta kamba ya juu inayotoka kwenye mzigo. Kitanzi kikipungua umekosea, umekivuta kutoka upande wa juu, bomoa uanze tena. Kikibaki kilivyo uko sawa. Teremsha ncha ipite kwenye ndoano ya bodi, ipandishe ipite ndani ya kitanzi, sasa vuta kwenda chini kwa uzito wa mwili wako. Kwa hesabu za darasani unapata mara tatu ya nguvu yako, kwa ukweli msuguano unakula sehemu kubwa, hesabu mara moja na nusu, labda mbili. Inatosha sana. Ikishakaza bana kwa vidole pale kamba inapopinda kwenye kitanzi isirudi, funga hapo chini yake nusu fundo mbili, ya pili iache na sikio ili baadae uvute tu ifunguke.

Kitanzi kikiwa karibu sana na ndoano utavuta sentimita kumi kinagonga ndoano, nafasi imeisha na kamba bado. Kwa hiyo kiweke juu. Kamba ikiwa ya kuvutika, kiweke juu zaidi.

Kamba inakatika

Angalia ilipokatikia, penyewe patakuambia. Imekatika safi kama kwa kisu, hiyo ni kona: ukingo wa bati, chuma cha bodi, kichwa cha nondo. Dawa ni kipande cha tairi kuukuu au gunia lililokunjwa mara nne kila kamba inapopinda kwenye kitu kikali. Mimi natembea na vipande kumi vya tairi nyuma ya siti, havijawahi kuniangusha.

Ncha imekuwa ngumu, inang'aa, kama imeungua? Imeungua kweli. Plastiki ya kamba za bluu inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na kamba ikisuguana na kamba nyingine pale pale kwa nguvu joto linapatikana haraka. Ndo ugonjwa wa kile kitanzi cha kuvutia nilichosema hapo juu, kamba inapita juu ya kamba, ukikifunga kila siku sehemu ile ile ya kamba kwa mwezi mzima utaikata mwenyewe kwa msumeno wa mikono yako. Badilisha sehemu. Na ukivuta vuta taratibu kwa uzito, usivute kwa kustukiza.

Imekatikia kando ya fundo kabisa? Hiyo ni kawaida ya mafundo yote, kamba inapopinda kwa ukali ndani ya fundo inapoteza nguvu, na mafundo mengi yanakula theluthi mpaka nusu ya nguvu ya kamba. Kamba ikikatikia hapo maana yake ilikuwa ndogo kwa kazi hiyo, na ukiiunga kwa fundo jingine umeipunguza tena.

Kamba imekaza, fundo zima, lakini mzigo umetambaa mbele

Hapa naomba tutulie kidogo maana hii inaua watu. Nondo, mabomba, mbao, mabati. Dereva anashika breki, kamba ziko vile vile zimekaza, nondo zimeteleza chini ya kamba zikaingia kwenye kabini kwa nyuma.

Tuchukue mzigo wa tani moja, mifuko 20 ya saruji. Wataalamu wanapopanga kufunga mzigo wanahesabu kwamba breki kali inausukuma mbele kwa nguvu ya kama asilimia 80 ya uzito wake, pembeni na nyuma asilimia 50. Kwa hiyo hapo kilo 800 zinataka kwenda mbele. Msuguano wa mzigo na sakafu ya mbao kavu tuseme unazuia asilimia 40, yaani kilo 400. Zimebaki kilo 400 za kuzuia. Sasa kamba inayopita juu haizuii mzigo usiende mbele, inaukandamiza chini tu ili msuguano uongezeke. Kamba yenye mvuto wa kilo 100 kila upande, ikiwa imesimama wima kabisa, inakandamiza kilo 200, na asilimia 40 ya hizo ni kilo 80. Mia nne gawa kwa themanini, kamba tano. Kwa tani moja tu! Na kama mzigo ni mfupi kamba inalala badala ya kusimama, ikilala mpaka nyuzi 30 kutoka kwenye sakafu ukandamizaji unakuwa nusu, unahitaji kamba kumi. Sakafu ikiwa na mchanga au imelowa hesabu inaharibika zaidi.

Kwa hiyo acha kutegemea kamba za juu kwa mzigo wa kuteleza. Sukuma mzigo ugusane na ubao wa mbele wa bodi tangu mwanzo usiwe na nafasi ya kukimbia. Ikibaki nafasi jaza kwa mbao, tairi, magunia ya mchanga. Nondo zile zinazokunjwa katikati funga kila fungu lenyewe kwanza, izungushe kamba fungu zima mizunguko miwili kabla ya kwenda kwenye ndoano, ili kamba inyonge fungu badala ya kulala juu yake. Halafu weka kamba nyingine inayotoka mbele ya mzigo kurudi nyuma kwenye ndoano, hiyo ndo inazuia breki moja kwa moja. Zinazochungulia nyuma weka kitambaa chekundu. Na fagia sakafu, jamani, fagio ni shilingi ngapi.

Siku moja tulipakia mbao za kufungia zege kwa fundi mmoja, ana haraka, anasema hapo panatosha ni karibu tu. Zimeachwa mita moja kutoka mbele. Bodaboda akakatiza, dereva akakanyaga breki, ule mlio sijausahau. Ubao wa bodi ulipinda, kabini ikapona kwa bahati. Kamba zangu zote nne zilikuwa zimekaza, nilizikagua mwenyewe baadae kwa mikono inatetemeka, hakuna hata moja iliyolegea.

Godoro na turubai

Upepo ukiongeza mwendo mara mbili unasukuma mara nne, ndo maana godoro lililokaa kimya mtaani kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa linapaa ukifika 80. Godoro likiwa juu ya mzigo kamba mbili za kukatisha hazitoshi, linainukia mbele. Weka kamba inayopita mbele yake kwa mlalo na kuteremka kwenye ndoano za mbele.

Turubai linalopiga makofi njia nzima limeacha mdomo upande wa mbele. Ukitumia maturubai mawili anza kufunika nyuma, la mbele lije juu ya la nyuma kama vigae, upepo upite juu usiingie kati. Tundu la kona likichanika usitoboe jingine kwa msumari: weka kokoto laini ndani ya kona ya turubai, lishike kwa nje, zungushia kamba chini ya hilo kokoto kama shingo ya kibuyu. Linashika kuliko tundu lenyewe.

Bodaboda

Mipira ya tyubu ni mizuri ila inacheza, na mzigo mzito uliofungwa na mpira mtupu unaruka na kila tuta mpaka unalala upande. Kamba kwanza ishike uzito, mpira juu yake umeze ulegevu unaotokea njiani. Trei za mayai ndo kinyume, hapo mpira unafanya kazi peke yake vizuri, na ubao juu na chini ugawe mgandamizo. Fungia kwenye keria na fremu, usifungie kwenye indiketa wala kwenye bomba la moshi, plastiki na moto hawapatani.

Mzigo ukivuta pikipiki upande mmoja usikaze kamba upande wa pili kuusawazisha, ushushe uupange upya katikati. Na ncha zinazoning'inia zichomeke zote. Ncha ikiingia kwenye cheni au spoki za nyuma tairi linajifunga pale pale, na wewe unaendelea mbele bila pikipiki.

Kama abiria ni mbuzi, fundo la shingoni lisiwe la kujikaza. Tumia kitanzi kisichobana, vidole viwili vipite kati ya kamba na shingo, na usimfunge kwenye kitu anachoweza kuruka nje akaning'inia.

Mmefika, fundo limegoma kufunguka

Pale sokoni washusha mizigo wana visu na hawana subira. Nilishanunua kamba ya mita 40 ikaniishia vipande sita ndani ya wiki tatu, kila soko kipande.

Fundo linalogoma mara nyingi ni fundo la kawaida lililofungwa juu ya fundo jingine, kwa woga, halafu likabeba uzito au likalowa. Usivute ncha, unazidi kulikaza. Usitumie meno. Legeza kwanza uzito, mtu asukume mzigo au apande akandamize. Halafu sukuma kamba iliyobeba mzigo irudi ndani ya fundo, siyo kuitoa, isukume, mpaka upate kijitundu. Ingiza msumari butu au bisibisi, zungusha. Likigoma ligonge na kipande cha ubao ukiligeuza geuza kila upande, linalainika. Kwa kitanzi cha kuvutia chenye sikio huna haja ya haya yote, unavuta ncha na kazi imeisha.

Kamba ikishuka ikung'ute mchanga, mchanga unaingia katikati ya nyuzi na kuzikata kimya kimya, ianike kivulini, ikunje. Na usiihifadhi karibu na betri ya gari. Asidi ikidondokea nailoni huoni kitu kwa macho, kamba inaonekana nzima kabisa mpaka siku utakayoining'inia kwa uzito wako wote ukikaza, ndo utakaa chini.